Heshima ya Ukoo Mbele ya Baraza
Maneno yaliyosemwa kwa wazee, waalimu na watu wa mitaa, katika mkutano wa Kilangali, Kilosa



Nimepewa saa hii niseme habari za mashauri, jinsi wazee wetu walivyokuwa wakiyakata, na jinsi heshima ya ukoo ilivyoingia ndani ya mashauri hayo. Neno hili si geni kwenu. Ni wachache hapa, katika watu wazima, ambao hawajaitwa hata mara moja kukaa mkekani na kusikiliza ugomvi wa mtu na mkewe, au wa ndugu wawili wanaogombania mpaka wa shamba. Kwa hiyo nataka tulitazame pamoja jambo mnalolijua, kwa sababu siku hizi nawasikia watu wa namna mbili. Wa kwanza husema, "Mambo ya wazee yote yalikuwa mema, tuyarudishe." Wa pili husema, "Yote yalikuwa giza, tuyatupe." Naona wote wawili hawajakaa kitako wakayachungua.

Kwanza tujitazame sisi wenyewe. Nchi hii ya Kilosa tangu zamani ni nchi ya Wasagara, Wakaguru na Wavidunda. Hawa, kama jirani zao Waluguru, Wanguu na Wazigua, huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Kisha misafara ikapita katika nchi hizi, ikitoka pwani kwenda Unyamwezi. Reli ikafika Kilosa kabla ya vita vya mwaka 1914. Mashamba ya katani ya Kimamba na kwingineko yakawaita watu wa mbali kuja kufanya kazi. Na Wakwavi, ambao wenyewe hujiita Ilparakuyo, wakalisha ng'ombe zao katika mbuga. Hata leo Kilangali, penye mashamba ya mpunga na shamba la mbegu la Serikali, wamekaa watu wa makabila mengi, na kila mmoja amekuja na desturi yake kama vile alivyokuja na mzigo wake. Nalitaja jambo hili mapema kwa kuwa tutalihitaji mbele.

Basi, tuweke mfano. Kijana amempiga mwenzake pombeni hata kumvunja mkono. Leo sisi tungeuliza: Nani aliyepiga? Zamani swali lililofuata mara moja lilikuwa hili: Huyu ni mtoto wa ukoo gani? Maana mwenye kulipa hakuwa yule kijana. Yeye hana kitu, labda jembe na nguo aliyovaa. Wenye kulipa walikuwa watu wa ukoo wa mama yake, na mbele yao wote mjomba wake. Baba naye alikuwa na sehemu yake, lakini mjomba ndiye aliyeitwa kwanza na ndiye aliyeona haya kwanza. Na aliyevunjwa mkono vilevile hakuja peke yake. Alikuja na wajomba zake, wenye kudai kwa niaba yake.

Tazameni nguvu iliyomo katika desturi hiyo. Mjomba anayejua kwamba mbuzi wake wataondoka zizini kwa sababu ya mikono ya mpwa wake, hangoji polisi. Atamwonya kijana yule mapema, atamnyima mahari, atamfukuza kwenye pombe, atawaambia wazee wenzake wamwangalie. Heshima ya ukoo, basi, ilikuwa kama dhamana iliyowekwa mbele ya watu. Ukoo uliokataa kulipa haki ya watu ulijulikana, na habari zake zilitangulia mbele yake. Watu wake walipokwenda kuposa, waliulizwa maswali marefu. Walipoomba mbegu wakati wa njaa, walikuta vikapu vimefunikwa. Hapakuwa na gereza, lakini kulikuwa na kitu ambacho mtu mwenye akili alikiogopa sawasawa na gereza.

Na lile baraza lenyewe lilikuwa na taratibu yake. Mzee akisimama kusema, hapana wa kumkatiza. Atasema habari za mkono uliovunjika, kisha atarudi nyuma mpaka habari ya mbuzi aliyepotea miaka mitatu iliyopita, kisha harusi ambayo watu wa upande ule hawakualikwa, kisha neno baya lililosemwa kisimani baina ya wanawake wawili. Hakimu wa mjini angesinzia. Lakini wazee walijua kwamba mkono hauvunjiki bure. Upo ugomvi wa zamani uliokuwa ukifukuta, na pombe ilikuwa kama upepo tu. Wakitoza mbuzi mmoja kwa mkono na kuuacha ule ugomvi wa zamani, mwaka ujao utavunjika mkono wa pili. Ndiyo maana walipenda kuyamwaga yote mkekani, hata jua likachwa.

Zaidi ya hayo, walijua ya kuwa watu hawa wawili kesho wataonana. Watakuwa na mto mmoja, njia moja, makaburi ya jirani. Kwa hiyo shauri halikuwa limekwisha mpaka wamekula na kunywa pamoja, na sehemu ya fidia mara nyingi ililiwa palepale na pande zote mbili mbele ya mashahidi. Mtu aliyekula mbele ya watu hawezi kusema kesho kwamba hakuridhika.

Hapo sasa nataka kusema habari za watani, maana vijana wengi hudhani kwamba utani ni mzaha wa vilabuni tu. Mnajua utani wa makabila, kama vile Wanyamwezi na Wazaramo, uliotokana na zile safari za misafara. Au Wahehe na Wangoni, waliopigana vita vikali kisha wakafanya utani. Lakini kwa Wakaguru na Waluguru uko pia utani wa koo na koo, nao ulikuwa na kazi nzito. Watani ndio waliosimamia mazishi. Ndio waliomtakasa mtu aliyevunja mwiko mkubwa, kama kulala na mtu wa ukoo wake, jambo ambalo watu wa ukoo wenyewe hawakuweza hata kulitaja kwa kinywa.

Kwa nini watani? Kwa sababu mtani ana ruhusa ya kusema. Ndugu yako akikuambia mbele ya watu kwamba umekuwa mchoyo na mgomvi, mtagombana. Mgeni akikuambia, utampiga. Mtani atakuambia msibani, huku akijifanya amelewa, huku watu wote wakicheka, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Utatoa kitu kidogo, utacheka kwa uchungu, na nyumbani utafikiri. Hivyo wazee walikuwa wameweka mtu mmoja ambaye heshima ya ukoo haikumziba kinywa. Mimi naliona jambo hili kuwa la akili kuliko yote waliyotuachia. Walitambua kwamba heshima inaweza kuwa kifuniko, wakamweka mtu wa kukifunua.

Katika ndoa kazi namna hiyo ilikuwa ya mshenga, ijapokuwa kwa upole zaidi. Yeye alipeleka maneno ya posa, na yeye ndiye aliyeitwa nyumba ilipoingia moshi. Tena mahari yaligawanyika, upande wa baba na upande wa mjomba wote walipata fungu. Na mtu aliyekula mahari hawezi kusema kwamba ugomvi wa nyumba ile haumhusu.

Baadaye wakaja wenye kutawala. Sir Donald Cameron, aliyekuwa Gavana wa Tanganyika tangu 1925 hata 1931, aliweka sheria ya tawala za wenyeji mwaka 1926, na mwaka 1929 mabaraza ya wenyeji yakapewa sheria yao. Wengi husema kwamba hapo desturi zilihifadhiwa. Jina lake ndilo lililohifadhiwa. Karani alikaa na daftari, ada ikalipwa, na faini ikaenda katika hazina ya utawala. Yule aliyevunjwa mkono akarudi nyumbani akiwa na ushindi bila mbuzi. Ndiyo maana watu waliendelea kukaa chini ya miti na kusuluhishana kando ya mahakama. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa kwa sheria, na mwaka huohuo desturi za mahari na urithi zilitangazwa katika kitabu, kwa kazi iliyofanywa na Hans Cory. Nazo ziliandikwa kwa makabila yanayofuata upande wa baba. Wenye kufuata upande wa mama, kama sisi, tulibaki na desturi zetu vinywani mwa wazee.

Nimesifu ya kutosha. Sasa natamka upande wa pili, na naomba wazee wanivumilie.

Ukoo ulilipa, ndiyo. Lakini ulilipa kwa nini, na nani aliyeonja uchungu wa malipo? Katika karne ya kumi na tisa, njaa na madeni yalipozidi katika Uzigua, wako watu waliowekwa rehani na jamaa zao, na wengi wa namna hiyo hawakurudi. Hata leo wako watu wenye asili ya Uzigua katika nchi ya Somalia, kando ya mto Juba. Mkono uliokuwa na haki ya kumtetea mtoto ndio uliokuwa na uwezo wa kumtoa. Basi tusiseme kwamba heshima ya ukoo ilimlinda kila mtu. Ilimlinda aliyekuwa na sauti ndani ya ukoo.

Na jambo hili halikwisha pamoja na rehani. Tuweke mfano mwingine, nao waalimu wataujua upesi. Mtoto wa kike wa darasa la sita amefanyiwa uovu na mtu mzima wa kijiji. Mama analia. Wajomba wanakutana usiku, si mchana, na mlango umefungwa. Watu wa upande wa pili wanakuja na bahasha. Mzee mmoja anasema, "Tusiwatangazie watu aibu yetu." Mwingine asema, "Hata hivyo, mtoto ataolewa na nani akijulikana?" Asubuhi yake mambo yamekwisha. Mtoto anarudi shuleni, au harudi, na yule mtu anapita njiani akisalimia. Wahenga walisema, "Mficha uchi hazai," lakini hapa wanaoficha wamezaa: wamemzaa mkosaji wa pili na wa tatu, maana kila mwenye tamaa ameijua bei.

Mtaniambia, "Hilo nalo ni baraza la wazee." Nami nakataa. Kumbukeni mambo tuliyoyasema. Baraza lilikaa mchana. Hili limekaa usiku. Baraza lilimsikia aliyeumizwa. Hapa mtoto hakuitwa. Baraza lilimpa mtani ruhusa ya kusema. Hapa wote wamekubaliana kunyamaza. Baraza liliogopa fedheha ya kutokulipa haki. Hili limeogopa fedheha ya kujulikana. Limechukua jina la desturi, na mkeka wake, na hata maneno yake ya heshima, lakini kazi yake ni biashara.

Kwa hiyo mimi nina kipimo kimoja, nacho nakitumia kila nikisikia kwamba jambo fulani "limekwisha kifamilia." Nauliza: Yule aliyeumizwa alikuwapo? Na kama alikuwapo, aliweza kusema "Sikubali," bila kufukuzwa nyumbani? Ndugu wawili wenye mpaka wa shamba wanaweza kukataa. Mkulima na mfugaji wanaweza kukataa. Mtoto hawezi. Mke anayepigwa, ambaye chakula chake na paa lake viko mkononi mwa anayempiga, mara nyingi hawezi. Na sheria ya ndoa ya mwaka 1971 imesema waziwazi kwamba mume hana haki ya kumpiga mkewe, wala mke mumewe. Habari za uovu kwa watoto ziko katika sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, tena katika sheria ya mtoto ya mwaka 2009. Na tangu 2016 mtu anayemtia mimba mwanafunzi, au kumwoa, adhabu yake ni kifungo cha miaka thelathini. Mjomba hana ruhusa ya kuyasamehe mambo haya kwa niaba ya mtoto. Hata mimi mwalimu sina.

Nieleze kidogo habari za ardhi, maana nayo huitwa heshima ya ukoo. Katika Uhaya, bibi mmoja alirithi shamba kwa wasia wa baba yake, na mwaka 1988 akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo. Jamaa yake akashtaki, akisema desturi haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Shauri likapanda hata Mahakama Kuu ya Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba desturi hiyo yapingana na haki za watu zilizoandikwa katika Katiba. Watu wa huku husikia habari hizi wakadhani haziwahusu, kwa kuwa sisi ukoo wetu hupita kwa mama. Lakini chungueni vema. Ukoo kupita kwa mama si sawa na mama kuwa na neno. Mara nyingi ardhi imepita kwa mama, na neno limekaa kwa kaka yake. Sheria ya ardhi ya vijiji ya mwaka 1999 imetamka kwamba desturi inayomnyima mwanamke haki ya kutumia au kumiliki ardhi haina nguvu.

Sasa naja kwa lile jambo nililosema tutalihitaji. Mambo yote ya mjomba na mtani na mshenga yalisimama juu ya kitu kimoja: kwamba pande mbili zinajuana na zina mkeka mmoja. Itakuwaje kama mikeka ni miwili?

Mfugaji naye ana wazee wake na haki zake. Wamasai wana desturi ya fidia ya mtu aliyeuawa, na hesabu inayotajwa ni ng'ombe 49. Hawa si watu wasiojua kulipa. Mkulima naye ana wazee wake. Lakini ng'ombe wakiingia katika mpunga, kila mmoja hukimbilia kwa wazee wake mwenyewe, na kila wazee huona heshima yao imeguswa. Hapo ndipo ile heshima iliyokuwa ikimzuia kijana, humsukuma. Mjomba aliyekuwa akisema, "Usituletee aibu," sasa husema, "Je, tutakubali kudharauliwa?" Tulikiona katika wilaya hii yetu. Mwezi wa Desemba mwaka 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Kule watu walikuwa na wazee, pande zote mbili. Waliokosekana ni wazee wa pamoja ambao kila upande ungeona haya mbele yao. "Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune," walisema wahenga, lakini hilo ni neno la ndugu, na mkulima na mfugaji hawajafanywa ndugu kwa kukaa wilaya moja.

Nimewasikia watu wakisema, "Hawa hawawezi kupatana, damu zao ni mbalimbali." Wahehe na Wangoni walikuwa na damu gani? Waliuana kwa mikuki, na leo huibiana majembe msibani huku wakicheka. Utani haukutoka mbinguni. Watu waliufanya, baada ya kuchoka kuzika. Hapa kwetu pia wapo wakulima na wafugaji walioanza, bila kuita jina lolote: wanapeana mabua baada ya mavuno, wanapeana maziwa, na ng'ombe wakiingia shambani, wazee wawili wa kila upande huenda wakalitazama shamba siku ileile, kabla jua halijachwa, wakahesabu majaruba yaliyoliwa. Kuhesabu siku ileile ni jambo kubwa sana. Hasara isiyohesabiwa leo, kesho itakuwa mara mbili kinywani mwa mwenye shamba, na nusu kinywani mwa mwenye ng'ombe, na kesho kutwa itahesabiwa kwa rungu.

Kwa habari za mabaraza yaliyopo sasa, nitasema kwa ufupi, maana waalimu mtaulizwa. Baraza la ardhi la kijiji lina watu saba, na wasiopungua watatu ni wanawake. Baraza la kata lina watu wanne hata wanane, na humo pia wanawake watatu. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, baraza la kata halikati tena shauri la ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha, na likishindwa kwa siku thelathini, mwenye shauri aweza kwenda kwenye baraza la wilaya. Wako waliosikitika kwamba baraza limenyang'anywa rungu. Mimi sikusikitika sana. Limerudishiwa kazi ile ya mkeka, yaani kuwakalisha watu mpaka waseme yote. Na kwa habari za ndoa, sheria ile ya 1971 haimruhusu mtu kudai talaka mahakamani kabla hajapita kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, lenye mwenyekiti na wajumbe wawili hata watano. Mabaraza ya namna hiyo yamo hata katika madhehebu ya dini. Wajumbe wake wakichaguliwa wote kwa mvi zao na vyeo vyao, bila mwanamke hata mmoja ambaye mke aliyepigwa anaweza kumwonyesha mgongo wake, itakuwa ni kazi ya bure.

Limebaki neno la waalimu peke yao. Mtoto akija kwako na jambo lile nililolitaja, usimpeleke kwa mjomba wake ukadhani umefanya adabu. Andika siku na saa, na maneno ya mtoto kama alivyoyasema, usiyatengeneze. Mpeleke kwanza hospitali, naye asioge wala nguo zake zisifuliwe. Nenda polisi, penye dawati la jinsia na watoto, na umwarifu ofisa wa ustawi wa jamii wa wilaya. Wajomba watakuja kwako na hasira, tena mbele ya watu, na watakuambia kwamba umeuvua nguo ukoo wao. Wakaribishe waketi. Wape maji. Kisha waulize kama mtoto wao alikuwapo usiku ule walipokutana.